Redio ya Bingo na Kitabu cha Verna

Jioni ile nusura kijiji kizima kiniue, na ningekufa nacheka. Mimi ndiye mtangazaji wa bingo, ule mchezo wa bahati wa namba, kwenye redio yetu sisi Wakrii, wenyeji wa asili wa Kanada, huku kaskazini mwa Manitoba. Niligoma kutoa namba hata moja mpaka binamu yangu Verna asome kwanza kitabu chake.

Verna ni mpishi wa shule. Riwaya yake aliiandika pale pale jikoni, mikono ina unga, kwa habari alizookota kwa wazee: wasichana wawili, mtu na mdogo wake, wanabebwa kwa ndege kwenda shule ya misheni. Mkubwa anarudi, mdogo harudi. Majina aliyabadili. Kazi bure! Wote tulijua mkubwa ni mama yake, shangazi yangu Harriet, ambaye tangu arudi hajamtaja mdogo wake hata kwa bahati mbaya. Maboksi ya vitabu yalipoteremshwa uwanja wa ndege, shangazi alisema, "Nyumbani kwangu hicho hakiingii." Verna naye akaapa kwamba mama asipokikubali, vyote anavitia kwenye jiko la kuni. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Lakini shangazi hakosi bingo hata akiwa na homa. Ndiyo maana nikamwita Verna studioni.

Akaanza kusoma. Simu zikalia.

"We Dorinda, toa namba! Chai yangu inapoa!"

"Si unywe, mjomba, nani kakushika mkono?"

Verna akafika pale ndege ya majini inapotua ziwani, na mdogo, aliyemwita Mary, analia amemng'ang'ania mama yake. Simu ikalia tena. Nikaiweka hewani nikitegemea matusi.

"Uongo!" Alikuwa shangazi. Kitabu kikamponyoka Verna. "Nani kakwambia alilia? Alimng'ata rubani kidole! Rubani alipiga kelele mpaka bata wakaruka!"

Nilicheka hewani, sikuweza kujizuia. "Kweli, shangazi?"

"Wewe nyamaza, sijaongea nawe. Verna!"

"Abee, mama."

"Huyo Mary ni nani?"

"Nilibadili jina. Nilihofia nitakuumiza."

"Kule shuleni masista walimpa namba. Wewe umempa jina la kuazima. Mdogo wangu ataitwa jina lake lini?"

"Silijui, mama. Hujawahi kulitaja."

Alivuta pumzi, kijiji kizima kikamsikia.

"Sipisis," akasema. Maana yake kijito. Kisha akalirudia kwa nguvu, kama anamwita aje kula. "Sipisis! Liandike!"

Nikasahau hata vitufe vya mitambo. Simu hazikukoma, na hakuna aliyeuliza bingo tena. Bibi mmoja alisema kule shuleni alilala kitanda cha jirani na Sipisis, na kwamba mtoto yule alikuwa mwizi hodari wa karoti. Verna alikuwa analia na kucheka huku anaandika kwenye kiganja.

Kesho yake ukumbi wa kijiji ulijaa wanawake, kila mmoja na kalamu yake nene ya kutia alama kadi za bingo, tunafuta Mary na kuandika Sipisis. Tulipiga kelele kama watoto siku ya theluji ya kwanza. Shangazi alijichukulia kitabu, akavaa miwani, akafuta Mary, akaandika jina kwa herufi kubwa zilizopinda. Akapuliza wino ukauke, akalamba kidole, akafunua ukurasa.

"Haya," akamwambia binti yake. "Yuko wapi tena?"