Redio ya Mpiga Gitaa

Mume wangu ni fundi redio, na kwa ubishi hana mpinzani. Masikio yake yalianza kumwangusha miaka mitatu iliyopita. Ukimwambia, anakujibu kwamba siku hizi watu wananong'ona. Haya, tukawa tunanong'ona nyumba nzima, mpaka majirani wakajua tunakula nini.

Basi akaja dukani kwetu binti mmoja mpiga gitaa, amekumbatia redio ya marehemu babu yake. Ilikuwa ya valvu, zile taa za kioo ambazo lazima kwanza zipate moto ndiyo redio iseme. Stesheni ilikuwa haishiki tena. Alitaka igeuzwe amplifaya ya gitaa, maana Jumamosi angepiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza.

"Kazi ndogo hiyo," mzee wangu akasema.

Kwa mikono yake ni kazi ndogo kweli, lakini amplifaya inataka sikio. Akiitoa inanguruma, binti ataaibika jukwaani, na jina la fundi wa miaka thelathini ndiyo basi tena.

Siku nne aliiinamia, mkono mmoja mfukoni. Ndivyo afanyavyo kila akigusa mashine yenye umeme mkali, umeme usije ukaingia mkono huu ukatokea ule, na katikati upo moyo. Aliondoa sehemu ya kutafutia stesheni, akabadilisha kapasita zilizochoka, akatoboa tundu la waya wa gitaa. Nilimletea chai, akaisahau. Alikuwa na furaha, jamani! Nilimpenda sana wiki ile, na nilimwogopea.

Ijumaa binti akaja kujaribu. Akachomeka gitaa, valvu zikapata moto, na kabla hajagusa uzi hata mmoja, spika ikaanza: nguuuu. Binti akanitazama. Mzee akatabasamu.

"Mmeona ilivyotulia?"

Binti wa watu akainamisha macho. "Imetulia, mzee. Asante."

Hee! Heshima gani hiyo ya kumponza mtu? Nami nikajifanya napanga vikombe. Mzee akatuangalia usoni, mmoja baada ya mwingine, na tabasamu likamtoka polepole. Akaweka kiganja juu ya kitambaa cha spika, akahisi kinavyotetema.

"Mama watoto," akasema, "mimi sisikii. Niambie kweli."

"Inanguruma, baba watoto. Sana."

Hakubisha. Akachukua kijiti, akausogeza waya wa gitaa mbali na waya wa umeme.

"Sasa?"

"Bado."

Akausogeza tena. "Sasa?"

"Imepungua."

Mara ya sita nikamwambia imenyamaza. Binti akapiga wimbo wake mzima palepale dukani, na mzee akawa anamtazama vidole.

Binti alipoondoka, mzee akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Ilikuwaje?" akaniuliza.

"Nzuri."

"Nzuri vipi?"

Nikavuta stuli, nikakaa upande wa sikio lake lenye nafuu, nikaanza kumweleza.