Gereza la Hindi Ukutani

Siku wanawake wa Nizwa walipokuja kuniposa nyumbani kwetu Ibra, mama aliwakalisha chini ya picha yake. Ilikuwa ndefu, imekula nusu ya ukuta: ngome ya wafalme wa Kimughal kule Agra, imechorwa kwa rangi za maji, kuta nyekundu toka pembe hii hadi ile, vikuba vyeupe juu, mto chini, na langoni tembo mdogo kama mende. Babu aliinunua huko alikokwenda kuuza karafuu, na tulipohama Unguja kuja huku Uarabuni mama hakukubali kuiacha.

Mimi nilikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia. Mwari anayeposwa hatoki, hasemi, hakohoi. Mposaji alikuwa mwalimu kijana, nami nilimtaka, nasema wazi, kwa hiyo roho ilikuwa juu juu. Wenyeji walikwisha kutunong'ona sisi tuliotoka Zinjibar: Kiarabu hatujui, wala asili yetu haijulikani. Kweli, Kiarabu cha mama kilikuwa cha sala tu. Mkalimani alikuwa dada yangu, aliyeiokota lugha sokoni.

Mama yake mwalimu akauliza picha ile ni ya nini.

"Gereza hilo, bibi," mama akasema kwa fahari. "Marehemu baba kakaa mwezi mzima ubavuni mwake."

Sisi watu wa Unguja ya zamani ngome tukiiita gereza, wala hakuna aliyeona ajabu. Lakini dada akatafsiri alichokijua: sijn, yaani jela. Na "ubavuni" ikamshinda, akasema "ndani". Basi wageni wakasikia kwamba babu yangu alifungwa mwezi mzima Bara Hindi, na sisi tumeitundika jela yake sebuleni ituburudishe.

Vikombe vya kahawa vikaacha kugongana. Mgeni mmoja akauliza polepole, alifungwa kwa kosa gani? Dada hakulielewa swali, akajibu, "Naam, alhamdulillahi." Nikasikia nguo zinakusanywa, viatu vinatafutwa. Neno nilikuwa nalo, nimefundishwa shuleni, na kulitamka pale ni kujitia aibu ya maisha.

"Qal'a," nikapaza sauti nyuma ya pazia. Nikaendelea kwa Kiarabu, sikuweza tena kujizuia: ni qal'a, ngome, kama ile yenu ya Nizwa, babu alipanga chumba jirani yake, hakufungwa na mtu.

Kisha mama yake mwalimu akauliza, "Huyo ndiye?"

Dada akasema ndiye.

Bibi yule akaketi tena, akanywa kahawa yake, akasema, "Sauti yake kubwa."

Mwalimu alinioa. Na mama yake nilikaa naye nyumba moja, nikamzalia wajukuu, nikamuuguza mpaka akafa mikononi mwangu. Sikuthubutu hata mara moja kumwuliza kama siku ile alinisifu au alinitia ila. Mpaka leo, nikimwita mtu aliye chumba cha pili, naishusha sauti.