Maranda Darini

Leo fundi amemwaga maranda darini mwangu, na harufu ya mbao mbichi imenirudisha kwenye nyumba yetu ya bati, aliyoijenga baba kwa dhahabu aliyochimba machimboni Nyamongo. Bati lile lilitupika! Baba akapandisha maranda juu ya dari kuzuia joto, akayashindilia hadi pale paa linapokutana na ukuta.

Mama alikuwa amepigilia vipande vya maboksi ya sabuni pale, ili maranda yasizibe njia ya hewa. Baba aliving'oa vyote. Ubishi wake ule!

"Joto linaingilia hapahapa," alisema.

"Baba watoto," mama alifoka, "wewe shimoni ukikosa hewa unavuta kamba, wenzako wanakutoa. Sisi humu ndani tuvute nini?"

Baba akashuka, akaokota maboksi, akayarudishia moja moja huku akinung'unika.

Mvua zilizofuata, hewa ilimwishia baba kule shimoni, na hakuwahi kuivuta kamba.

Sasa huyu fundi naye ameziba njia zote za hewa, na nikimfokea ananiuliza, "Mama, kelele zote hizi kwa upenyo mdogo vile?"