Maharagwe Yaliyomwagwa Langoni

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikipigana na wapiganaji wa msituni, tulihamishwa kwa nguvu kutoka shamba letu huko Embu, tukarundikwa katika kijiji kilichozungukwa na handaki lililojaa miti iliyochongwa ncha. Baba alikuwa kizuizini. Mama alibaki na sisi watoto watatu, na shambani tuliruhusiwa kwenda saa mbili tu kwa siku. Huko alichuma terere, yaani mchicha wa porini, na thabai, yale majani yanayowasha mpaka yaive. Alisema mtoto anayeshibishwa unga mtupu huvimba miguu. Kitindamimba wetu alikuwa ameanza kuvimba.

Kwa hiyo mama na majirani wawili wakachanga wanunue debe zima la maharagwe, maana kwa kibaba yalikuwa ghali. Mama akatumwa sokoni, nami nikafuatana naye.

Tuliporudi, aliyekuwa zamu langoni ni baba mdogo, ndugu wa baba tumbo moja, na bunduki ya homgadi, askari wa kienyeji wa serikali, begani.

"Shemeji, chakula chote hiki ni cha nani?"

"Cha watoto wako."

"Watoto watatu hawamalizi debe. Hiki kinapelekwa msituni."

Mama akawataja majirani. Wakaitwa. Wakatazama chini, wakasema hawajui lolote. Siwalaumu. Hapana, nawalaumu. Baba mdogo akalipindua debe, maharagwe yakamwagika handakini, kati ya ile miti, mahali mkono usipofika. Mama akapelekwa kuchimba barabara wiki tatu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilichemsha majani kwa chumvi, nikamlisha mdogo wangu, naye akazidi kulegea hata kulia akashindwa. Ndipo mke wa baba mdogo akaniita nyuma ya nyumba yake, akanipa kibuyu cha maziwa.

"Usimwambie mtu. Kesho uje tena."

Nilikwenda kila siku, na sikusema asante hata mara moja. Maziwa yale yalikuwa ya ng'ombe wetu. Tulipohamishwa, mumewe ndiye aliyemchukua.

Mama alirudi akamkuta mtoto anatembea. Nilipomweleza, alikwenda moja kwa moja kwa yule mwanamke, akamshika mkono kwa mikono yake miwili akamshukuru.

"Mama, ni ng'ombe wetu!" nilimwambia njiani.

"Najua ni wetu. Angeweza kukunyima."

Nimezeeka, na bado jibu lile halijanishuka kooni.