Kocha Aliyeomba Mapumziko

Verlin Haas alikuwa akinunua chakula chake kila Jumapili, mechi inapoanza. Saa hiyo mji wa Marquand huwa kama umehamwa. Barabara ya ziwani haina gari, makanisa yamekwisha kufungwa, na katika duka kubwa la vyakula hubaki msichana mmoja wa kupokea pesa, naye amenuna kwa kuwa zamu imemwangukia wakati timu yetu, Makuli, iko uwanjani. Haas alichukua mkate, mayai, kahawa na supu za makopo, akashukuru kwa sauti ya chini, akaondoka kabla ya kipindi cha kwanza kwisha. Hakuna aliyemsalimu, maana hakukuwa na mteja mwingine, na ndiyo sababu aliichagua saa hiyo.

Mimi ni kinyozi wa kike. Duka ninalofanyia kazi lina viti vinne na mazungumzo ya aina moja: kocha alipaswa kufanya nini. Wateja wetu ni watu ambao hawajawahi kufundisha hata mbwa kukaa chini, lakini kila mmoja ana hakika kwamba angelikuwa yeye, kombe lingekuwa hapa. Kwa hiyo Haas, kocha wa zamani wa Makuli, hakuwa akija dukani. Nilimfuata nyumbani kila wiki, siku ya Jumatatu tunapofunga, nikamkalisha jikoni kwenye kiti cha mbao na kumfunga shuka shingoni.

Aliyoyafanya yanajulikana na kila mtu mzima wa Marquand. Ilikuwa nusu fainali, mwezi wa Januari, theluji ikianguka kwa mshazari kutoka ziwani. Makuli, timu yetu iliyopewa jina la wapakuzi wa meli wa zamani, walikuwa wakiongoza kwa pointi mbili, na saa ya uwanja ilikuwa karibu kusimama. Wapinzani walikuwa na nafasi moja tu iliyobaki: kuupiga mpira kwa teke upite kati ya nguzo mbili, wapate pointi tatu. Yalikuwa masafa marefu, na upepo ulikuwa ukimvumia mpigaji usoni.

Makocha wa mpira wetu huu wa Kimarekani, wa kofia ngumu, wana desturi yao katika saa kama hiyo. Mpigaji akiwa tayari, kocha wa upande wa pili humwomba mwamuzi mapumziko. Hakuna anayepumzika. Nia ni kumwacha mpigaji asimame peke yake kwenye baridi, aanze kufikiri. Haas alisogea karibu na mwamuzi, akangoja hadi sekunde ya mwisho, akaomba. Filimbi ikalia, lakini mguu wa mpigaji ulikuwa umeshaondoka. Mpira ukaruka, ukagonga nguzo, ukaanguka nje. Uwanja mzima ukalipuka kwa furaha, watu wakakumbatiana na wasiowajua. Kisha mwamuzi akapunga mikono: mapumziko yalikuwa yameombwa, lile teke halikuhesabiwa. Kijana yule akarudi mahali pake, akapiga tena, na safari hii mpira ukapita katikati kabisa.

Makuli hawajafika nusu fainali tangu siku hiyo.

Haas alifukuzwa kazi kabla theluji haijayeyuka. Yeye ni mtu wa Kansas, na angeweza kurudi kwao. Lakini mkewe, Roseann, alikuwa mzaliwa wa hapa, na mama yake alikuwa mgonjwa. "Mji wangu haunifukuzi," Roseann alimwambia, na wakabaki. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akitoka. Alikwenda sokoni, benki, kanisani, na mtu akithubutu kutaja mapumziko alijibiwa papo hapo: "Ndiyo, ni mume wangu. Na wako amefanya nini cha kukumbukwa?" Watu walimpenda kwa ulimi huo. Haas aliishi nyuma yake kama mtu anayeishi nyuma ya ukuta mzuri, na ukuta ulipoanguka, Roseann alipofariki msimu wa majani kupukutika, aligundua kwamba hakumjua jirani hata mmoja kwa jina.

Binti yao, Denise, anaishi Tucson, kwenye jangwa. Alikuwa ametayarisha chumba. Alikuwa pia amempata mtu wa kuinunua nyumba, na alimpa baba yake muda hadi Pasaka atoe jibu. Haas aliniambia habari hiyo wakati nikimnyoa nyuma ya masikio, na kwa kuwa si kawaida yake kuniambia jambo, nilisimamisha mkasi.

"Na wewe unataka nini, Kocha?" nikamuuliza.

"Kaburi la Roseann liko hapa."

"Hilo ni la Roseann."

"Sijui kama nakaa Marquand, binti, au nimejificha tu. Kama nimejificha, hata Tucson naweza kujificha, tena kuna jua." Akatazama dirishani, ambako hakukuwa na kitu ila uzio wa jirani. "Kila Kwaresima Roseann alinibembeleza twende kula samaki wa Ijumaa kanisani. Sikwenda hata siku moja. Akaniletea kwenye boksi, nikala hapa. Ijumaa hii ndiyo ya mwisho, si ndiyo?"

"Ndiyo ya mwisho."

"Nitaingia ukumbini nikae mezani. Wakinifukuza, nitajua, nitampigia Denise. Wasiponifukuza..." Nadhani hakuwa amefikiri upande huo.

Ukumbi wa parokia yetu uko chini ya kanisa, na siku za samaki harufu ya mafuta hupanda hadi kwenye madhabahu. Wanaume hukaanga, wanawake hugawa, na watu huketi kwenye meza ndefu zilizofunikwa karatasi, popote penye nafasi, kando ya yeyote aliyetangulia. Zamu yangu ilikuwa kwenye saladi ya kabichi. Nilimwona Haas akiingia na koti lake zito na kofia ya sufu iliyovutwa hadi kwenye nyusi. Alisimama kwenye foleni mikono ikiwa mifukoni. Alipofika kwangu nikamwekea kabichi, naye akanitazama kama mgonjwa anavyomtazama muuguzi anayemjua.

"Bado hakuna aliyesema neno," akanong'ona.

"Wana njaa," nikamjibu.

Akaketi mwisho wa meza iliyokuwa karibu nami, mkabala na Bernadette Kosko, mjane mwenye miwani ya mnyororo. Kando yake alikuwa Corey Lisowski, fundi wa malori, kijana ambaye sauti yake haijui kupungua. Baada ya Corey alikaa mzee Stan Hrabak, aliyestaafu bandarini, akila taratibu na kuondoa miiba ambayo haikuwapo.

Corey alikuwa katikati ya mashtaka dhidi ya kocha wa sasa. "Uko nyuma. Dakika zimebaki mbili. Mpira ni wako. Halafu unaupiga teke uwarudishie? Si sawa na kumpa mwizi pochi, umwambie, kaka, nitunzie kidogo?"

"Kula, Corey," Bernadette akasema. "Huyo wa sasa ni mtoto. Uamuzi mbaya kuliko yote ni ule wa mapumziko. Huo ndio mama wa mabaya yote."

"Ah, wa kocha Pruitt."

"Sijui jina. Mimi nakumbuka nguzo."

"Pruitt, Bi Bernadette. Baba amenisimulia. Alidhani timu yake iko nyuma, jamaa. Hakujua hata hesabu ya pointi! Wengine wanasema alikuwa amelewa."

Haas aliacha uma juu ya sahani. Kutoka nilipokuwa nilimwona vizuri, na nilidhani nitaona amefarijika, kwa maana alichokuwa akikitafuta karibu miaka ishirini kilikuwa kimewekwa mbele yake bila yeye kukiomba. Alikuwa ameketi kati ya watu, anakula, na hakuna aliyemjua. Aibu yake ilikuwa imebebeshwa mtu mwingine. Angeweza kumaliza samaki wake, akarudi Ijumaa za mwaka ujao na za mwaka utakaofuata, mzee fulani mwenye kofia ya sufu. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika nyumbani kwake akakuta funguo haziingii.

"Hakuwa Pruitt," akasema.

"Ni Pruitt, mzee," Corey akamjibu kwa upole. "Wewe huenda umesahau."

"Pruitt alikuwa ameondoka miaka miwili kabla. Na aliyeomba hakuwa amelewa, na pointi alizijua. Ni mimi."

Corey akacheka, akatazama huku na huku apate wa kucheka naye. Bernadette hakucheka. Alivaa miwani yake.

"Hebu vua kofia."

Akaivua.

"Ni yeye," Bernadette akasema. "Mume wa Roseann." Akamtazama kwa muda mrefu, kama anayechagua wapi pa kuanzia. "Marehemu mume wangu alirusha kiatu kwenye televisheni kwa ajili yako."

"Pole sana, mama."

"Televisheni ilikuwa mbovu, haikuniuma. Kiatu ndicho kilichoniuma. Kilikuwa cha Krismasi, kioo kikakichana chote." Akamsogezea bakuli la mchuzi wa samaki. "Roseann alisema hutoki kwa sababu unaumwa mgongo."

"Mgongo ni mzima."

"Nilijua. Kila mwaka mgongo, kila mwaka boksi moja la samaki."

Corey alikuwa bado ameacha kinywa wazi. "Lakini kwa nini, Kocha? Hapana, kweli, niambie. Kwa nini?"

Watu wa meza ya pili walikuwa wameanza kugeuka. Haas alikunja kofia yake akaiweka magotini.

"Nilijua atakosa," akasema. "Nilimtazama akipasha mguu moto. Alikuwa anauogopa upepo, mateke yake yote yalikwenda kushoto. Nilijua kabisa. Lakini kulikuwa na watu elfu sitini, na mikono yangu haikuwa na kazi. Kama ningesimama tu na mpira ukapita, mngesema nilikuwa nimelala. Kuna kitu ambacho makocha hukifanya saa ile, ili isisemwe kwamba hawakufanya kitu. Nikakifanya."

"Kwa hiyo uliogopa kulaumiwa," Corey akasema.

"Ndiyo."

"Ukalaumiwa."

"Ndiyo."

Corey akatikisa kichwa taratibu. "Duh. Hiyo ni mbaya kuliko ya kulewa." Hata hivyo akamsukumia chumvi, na mtu mmoja meza ya pili akauliza kama ni kweli mateke yote yalikwenda kushoto, na Haas akaanza kumwonyesha kwa kisu na uma jinsi upepo ulivyokuwa ukikata uwanja.

Hapo ndipo Stan Hrabak alipofuta mdomo.

"Kaka yangu Emil aliitazama ile mechi akiwa hospitali," akasema. Hakupaza sauti, lakini kisu cha Haas kilisimama. "Daktari alikuwa amesema hatafika Februari. Emil hakutaka kombe, wala hakuamini kombe. Alitaka mechi moja zaidi ya kungojea. Mpira ulipogonga nguzo alinishika mkono hivi. Halafu yule mwamuzi." Akachukua sahani yake, gilasi yake na kitambaa chake. "Mimi sitaki kula na wewe, Kocha. Si ugomvi. Sitaki tu."

Akahamia meza ya ukutani, akaketi akitupa mgongo.

Haas alimtazama yule mzee, mabega yake, fulana yake ya bandarini iliyofifia, na nilidhani atasimama avae koti. Hakusimama. Bernadette akagonga sahani yake kwa kijiko.

"Kula. Samaki anayekaangwa na Jerzy akipoa ni soksi."

Akala. Alikula polepole hadi sahani ikawa tupu, na muda wote huo hakuutazama mlango. Alikitazama kile kiti kilichoachwa.

Jumatatu nilipokuwa nikimnyoa, Denise alipiga simu. Mikono ya Haas ilikuwa chini ya shuka, kwa hiyo aliniomba nibonyeze spika, na sauti ya bintiye ikajaza jiko lile ambalo kwa kawaida huwa na mlio wa friji tu.

"Baba, mnunuzi ananisumbua. Nimwambie nini?"

"Mwambie asingoje."

"Umekwenda kwenye samaki?"

"Nimekwenda."

"Umepata marafiki, basi."

"Hapana. Kuna mama mmoja ananisema, na kijana mmoja anadhani mimi ni mjinga. Wote watanisahau wiki ijayo."

"Sasa?"

"Kuna mzee hataki kula na mimi."

"Baba." Denise alikuwa akijaribu kutosikika amechoka. "Hiyo ndiyo sababu ya kubaki?"

"Alihama meza. Nilitaka kumwomba radhi, nikaona hapana, hilo nalo, kama yale mapumziko, ni la kujifanyia mimi, ili nisikae tu. Kwaresima ijayo nitakwenda nikae pale pale. Akihama, atahama. Lakini nisipokuwapo hatakuwa na wa kumhama."

"Huo ni mwaka mzima, Baba. Utakaa peke yako mwaka mzima?"

"Najua," akasema. "Nimeshakaa."

Walizungumza kidogo juu ya wajukuu na juu ya bomba la maji linalovuja, kisha wakaagana. Haas aliniomba nipunguze nywele za kisogoni zaidi kidogo. Nje theluji ya mwisho ilikuwa ikitiririka kutoka kwenye paa, na hakuna aliyepita njiani.