Saa ya Huku, Nchi ya Kule

Dada yangu alikuwa ameshaifunga cherehani yake kwa kamba. Ilikaa mlangoni pa fremu yake ya kushonea, imevikwa gunia, na kila aliyepita barabarani Jumapili ile aliona kwamba fundi anahama. Mimi nilikuwa ndani, nimekalia kigoda, laptopu magotini, nikijaribu kumzuia asihame.

Dada aliolewa Isongole, akaishi huko mpaka mumewe alipofariki. Alirudi kwetu Tunduma na vitu viwili tu alivyoweza kuviita vyake, cherehani na pasi ya mkaa. Baba alimpokea vizuri, ila akamwekea mpaka: ajaribu ushonaji hadi mavuno yapite, na kama kazi haijasimama, aende Vwawa kwa kaka yetu mkubwa akasaidie dukani. Kaka si mtu mbaya. Lakini duka ni la mkewe, na nyumba ni ya mkewe kwa kila jambo linalohusu nyumba, na dada aliwahi kuniambia kwamba kuishi kwa wifi ni kuomba ruhusa hata ya kuchemsha chai. Sasa mavuno yalikuwa yamepita. Gari la kaka lingekuja jioni ile kuichukua cherehani.

Tumaini lililobaki lilikuwa kwaya moja ya Nakonde. Nakonde ni Zambia, ng'ambo ya kizuizi cha mpakani tu, na kwetu sisi Wanamwanga ni kama chumba cha pili cha nyumba moja, maana nusu ya shangazi zangu wako huko. Kwaya hiyo ilikuwa inatafuta fundi wa sare. Katibu wao, mama mmoja mcheshi aliyewahi kushonewa gauni na dada, alilipeleka jina lake kwenye kamati. Kamati ikajibu kwamba haitaki tena picha za kurushiwa kwenye simu, kwa sababu fundi mmoja aliwahi kuwatumia picha za nguo zilizoshonwa na mwingine. Walitaka kuona kazi zake zote mahali pamoja, yeye mwenyewe akiwa amesimama pembeni ya nguo zake, na kila mama wa kamati aweze kufungua kwa simu yake kabla ya kikao cha Jumapili mchana.

Hapo ndipo nilipojitia kimbelembele. Nilisema nitamtengenezea tovuti. Siku za kazi nilikuwa najaza nyaraka za mizigo katika ofisi moja ya mawakala wa forodha, na jioni nilijifundisha kutengeneza tovuti, ingawa mpaka wakati huo hakuna hata moja niliyokuwa nimeiweka hewani. Niliona ni jambo dogo. Wote walioeleza mtandaoni walisema ni jambo dogo.

Tovuti yenyewe ilipendeza, na hilo nalisema bila aibu. Tulipiga picha wiki nzima. Dada alisimama na magauni ya kitenge, na mashati ya kwaya yenye kola za rangi mbili, na suti ya mchungaji mmoja aliyekubali kuivua kwa muda na kusubiri ndani akiwa amejifunga shuka. Shida ni kwamba uzuri wote huo ulikuwa ndani ya laptopu yangu, kama nguo iliyoshonwa ikabaki kabatini. Ilibaki kuupandisha kwenye kampuni ya nje inayotunza tovuti. Kazi hiyo inafanywa kwenye dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe. Unaandika amri ya kujitambulisha, halafu unaandika amri ya kupandisha mafaili, na wao wanakurudishia anwani ambayo dunia nzima inaweza kuifungua.

Nilianza asubuhi, wengine wakiwa kanisani. Nilijiunga na intaneti kwa kupitia simu yangu, na kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa kile anachofanya kila mtu wa Tunduma: nilirekebisha saa. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu ikishika mnara wa Nakonde inajirudisha nyuma bila kukuuliza, na laptopu inaifuata. Hata bibi zetu wanajua kuisukuma mbele kwa kidole. Mjomba wangu mmoja ambaye hakuisukuma aliwahi kufika kwenye harusi akakuta wanaosha sahani. Basi nami nilizima kwenye laptopu ile sehemu inayojipangia saa yenyewe, nikaisukuma saa mbele, nikaendelea na mambo yangu.

Niliandika amri ya kujitambulisha. Ukurasa ukafunguka, nikaweka neno la siri, ukurasa ukanikaribisha kwa jina langu. Nikarudi kwenye dirisha jeusi, nikaandika amri ya kupandisha. Dirisha likajibu kwamba muda wangu wa kuingia umekwisha, niingie upya.

Nikaingia upya. Ukurasa ukanikaribisha. Dirisha likasema muda umekwisha. Nilikuwa nimeingia sekunde ile ile, hata kiti sijakipasha joto, naambiwa nimekaa mno. Nikabadili neno la siri. Nikafuta programu nzima, nikaishusha tena, bando likapungua mbele ya macho yangu. Nikaingia. Muda umekwisha.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na dada anazijua. Aliniletea chai, akaiweka chini mbali na mguu wangu. Aliporudi mara ya pili nilikuwa naiambia laptopu maneno ambayo si ya Jumapili, na yeye akasema kwa upole kwamba ile ni mashine, haina mama wa kutukanwa. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilikuwa naona haya. Nilimwahidi mbele ya baba, naye baba alitikisa tu kichwa kama mtu anayesikia mvua inaahidiwa mwezi wa saba.

Nje malori yalikuwa yamepanga foleni kama siku zote. Saa nane ilikuwa inakaribia, na saa nane ndiyo kikao. Wazambia, wanaohesabu saa kwa Kiingereza, wanaiita fotini awazi, yaani ya kumi na nne, nasi tumeizoea hivyo hivyo. Ilipobaki kidogo tu, nilifunga laptopu nusu, nikamwambia dada nimeshindwa.

Hakunilaumu. Ingekuwa nafuu kama angenilaumu. Alijifuta mikono kwenye kitenge chake, ingawa haikuwa na kitu, akaiangalia ile cherehani mlangoni. Kisha akachukua simu ampigie katibu, kumshukuru na kumwambia asiendelee kulitaja jina lake kwenye kikao. Alisema mtu akikupigania, usimwache akasimama peke yake.

Waliongea Kinamwanga, kama tunavyoongea na jamaa wa ng'ambo. Nilisikia dada akiomba radhi, kisha akasikiliza, maana mama yule alikuwa anamuuliza mbona anakata tamaa kabla kikao hakijaanza. Ndipo dada akauliza swali ambalo mtu wa Tunduma huuliza hata usingizini, na ambalo safari hii, kwa wasiwasi wetu, wote wawili tulikuwa tumelisahau.

“Mama, hiyo fotini ni ya huku au ya kule?”

Ilikuwa ya kule. Kikao kiko kwao, yule mama alisema, saa watumie ya nani? Kwa hiyo tulikuwa na saa nzima ambayo hatukujua kama ni yetu.

Dada alikata simu akanitazama. Mimi nilikuwa nimeshaifungua laptopu, naiangalia saa kwenye pembe ya kioo. Ilisema karibu saa nane, saa ya Tunduma kabisa. Lakini nilipoibonyeza nione zaidi, chini yake, mahali pa eneo la saa, palikuwa na jina la Lusaka. Nilikuwa nimeipa mashine saa ya huku na kuiacha ikiamini iko nchi ya kule. Kwa mtu wa sokoni hilo si kitu, anaangalia namba anakwenda zake. Mashine iliamini kwamba ni Zambia ndiko saa nane inakaribia, kumbe huko ilikuwa inakaribia saa saba tu. Ilikuwa inaishi saa moja mbele ya dunia nzima, na kila ruhusa ya kuingia niliyopewa na ile kampuni, isiyodumu hata saa moja, iliiona imeshaoza mkononi.

Niliirudisha sehemu ya kujipangia. Saa ikaruka nyuma, ikawa ya Nakonde, na kwa mara ya kwanza maishani sikuisukuma. Nikaandika amri ya kujitambulisha, kisha ya kupandisha. Mistari ikaanza kushuka kwenye dirisha jeusi, faili moja moja, kola za rangi mbili, magauni, suti ya mchungaji. Dada aliinama nyuma ya bega langu, nikasikia pumzi yake. Mwishoni ikatoka anwani, mstari mmoja mfupi. Nikaiandika kwenye simu yake, na pale kwenye kioo kidogo akajiona amesimama kando ya kazi zake.

Alizitazama picha moja baada ya nyingine mpaka chini kabisa, akarudi juu, akaanza tena. Ilibidi nimkumbushe kwamba kamati inasubiri. Tuliituma.

Kungoja kwenyewe sitaki kukueleza. Tulikunywa ile chai ikiwa baridi. Gari la kaka lilifika kabla ya jibu, dereva akatoa salamu, akaishika cherehani akitaka kuipakia, na dada akamwomba kwa heshima apumzike kwanza. Akamletea kiti. Akamletea na chai. Sikuwahi kuona mtu akichelewesha safari yake kwa ukarimu namna ile.

Simu ilipolia, aliisikiliza amesimama. Alijibu “ndiyo, mama” mara nyingi, akauliza wako wangapi, akauliza kama kesho asubuhi ni sawa. Saa ya kule, alisema kabla hajaulizwa. Alipoishusha simu aliniambia jambo moja tu.

“Wanataka niende na tepu ya kuwapimia.”

Kisha akalia, na mimi nikalia. Yule dereva, asiyejua kinachoendelea, akatupa pole.

Cherehani aliifungua mwenyewe. Nilimletea kisu, akakikataa, akakaa chini kwenye saruji akafungua fundo kwa fundo, kwa zile kucha fupi za fundi, kwa sababu kamba ilikuwa ya kaka na alitaka imrudie nzima. Dereva alikuwa ameshaondoka na gari tupu.

Kesho yake ofisi ilinituma Vwawa, nikaichukua ile kamba, nikaipitisha dukani kwa kaka. Nilimkuta shemeji, mkewe. Aliipokea, akaigeuzageuza, akaniuliza kamba imerudi, na cherehani je?

Nikamwambia inashona.