Hatuui Mtu Mwenye Njaa

Kwanza lieleweke: marehemu Ephantus Kabiru hakuwahi kuongoza genge, hakumtuma mtu akamwue mtu, na yule mwanamke anayesikika naye katika ile rekodi hakuwa kimada wake. Wanaotaka kuendelea kuyasema hayo hapa Gilgil, kuanzia kwa kinyozi hadi stendi, na waseme wakijua kwamba ni uongo.

Alikuwa na banda la video Karagita, kule Naivasha. Basi. Mabati, mabenchi, televisheni moja na jenereta, miaka ile ambayo wafanyakazi wa mashamba ya maua hawakuwa na pa kwenda Jumamosi mchana. Filamu iliyojaza banda kuliko zote ilikuwa ile ya zamani ya familia ya wahalifu wa Marekani, wazee wenye suti nyeusi ambao hunong'ona badala ya kusema. Kiingereza chao kiliwashinda watu, kwa hiyo Ephantus alisimama kando na maikrofoni akawasemea wanaume wote kwa Kiswahili; wanawake walisemewa na mtu asiyeonekana, nyuma ya pazia. Hakutafsiri, alitunga upya. Majina ya Kitaliano aliyatupa, akaweka ya watu walioketi mbele yake. Ukipiga kelele, au ukimkanyaga mwenzako, ulijikuta umeingizwa ndani ya filamu, na kabla haijaisha umeshauawa. Watu waligombania kufa hivyo.

Ili siku sauti ikimkauka asikose la kucheza, alijirekodi kwenye kaseti akiwa kazini bandani. Kaseti hiyo ndiyo aliyoikuta mpwa wake Jeff, mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, mwenye digrii, akaitia kwenye simu na kuirusha katika kundi la WhatsApp la ukoo: "Sauti ya anko, tumkumbuke." Kipande cha dakika moja, bila picha, bila maelezo. Ilikuwa Jumatatu. Kufikia Ijumaa kilikuwa kimezunguka Gilgil, kikashuka Naivasha na kufika Olkaria, kwa wakwe.

Na wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi. Jackie, binti wa pekee wa Ephantus na mjane wake, Mwalimu Wachuka, alikuwa aolewe na Kiplimo, na watu wa Kiplimo walikuwa wanakuja kupanga siku ya harusi.

Walifika saa tano. Mzee Kipngeno, baba yake Kiplimo, aliketi ukingoni mwa kochi kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Dada ya mzee, Jemutai, aliketi katikati. Mwalimu Wachuka alimimina chai mwenyewe, akapitisha chapati. Hakuna aliyegusa.

"Karibuni chai."

"Tumeshiba," alisema Mzee Kipngeno.

Watu waliotoka Olkaria alfajiri wameshibia wapi? Wachuka alisubiri. Chai ilianza kuvaa utando. Kumwachia mwenyeji chai yake mezani ni kumtukana bila kufungua kinywa, na yeye hakuwa amefundisha darasa la nane miaka thelathini ili aje atukanwe sebuleni kwake.

"Jemutai, kama kuna neno, lisemwe."

"Mwalimu, sisi si wajinga." Jemutai aliitoa simu, akailaza kando ya chupa ya chai, akabonyeza.

Sauti ya Ephantus ikatoka, nzito na ya taratibu: "Kipngeno wa Olkaria asiione Jumapili." Kisha ya mwanamke, tamu kama uji wa wimbi: "Mwache kwanza anywe chai, baba watoto. Katika nyumba hii hatuui mtu mwenye njaa."

Mzee Kipngeno aliangalia kikombe chake kama anayeangalia nyoka.

"Kipngeno ni mimi," alisema. "Olkaria nimefanya kazi tangu ujana, kwenye mitambo ya umeme. Huyo mzee wenu nilimkosea nini?"

Wachuka akaeleza. Banda, maikrofoni, filamu, kaseti. Akaeleza tena, polepole, kama kwa watoto wa darasa la pili.

"Filamu ya Marekani," alisema Jemutai, "na ndani yake kuna ndugu yangu. Hao Wazungu walimjulia wapi? Na huyo mama wa chai pia ni wa Marekani?"

Kiplimo alitazama viatu vyake. Jackie alimgeukia mama yake, macho yamejaa machozi. "Mum, kwani huyo mwanamke ni nani?"

Hata wewe, Jackie!

Kila Jumatatu asubuhi, mbele ya shule nzima, Mwalimu Wachuka aliwaambia wanafunzi kwamba banda la video ni mahali akili huenda kuoza. Kanisani aliwahi kuomba mabanda yote yafungwe. Aliapa mbele ya akina mama wenzake kwamba mguu wake haujakanyaga humo.

Aliinuka. Akakaza kitambaa cha kichwa, akawapa wageni mgongo, akaukabili ukuta.

"Mwache kwanza anywe chai, baba watoto," alisema, kwa sauti ile ile. "Katika nyumba hii hatuui mtu mwenye njaa."

Mzee Kipngeno akaruka.

"Helmeti! Nilikaa benchi la mbele na helmeti ya kazi. Wa nyuma wakaniambia, boss, toa, hatuoni. Nikakataa. Mara nasikia nimehukumiwa kifo! Banda zima likapiga makofi. Hata mimi nilipiga."

"Hukuwahi kutuambia," alisema Jemutai.

"Ningewaambia nini? Kwamba nilikufa Karagita?"

Akachukua kikombe, akauondoa utando kwa kijiko, akanywa chai ile baridi hadi tone la mwisho. Akanyoosha mkono aongezewe. Jackie alicheka na kulia kwa pamoja.

"Mwalimu," alisema Jemutai, simu mkononi, "hebu rudia nikurekodi. Tuwatumie waliotuletea hizo porojo."

Wachuka aliichukua ile simu, akailaza kifudifudi na kuifunika kwa kitambaa cha meza.

"Jina la mume wangu limesafika. Langu nimelichafua mwenyewe, na inatosha."

"Moja tu," alisema Mzee Kipngeno. "Nyuma ya lile pazia ulikaa Jumamosi ngapi?"

"Hilo sisemi. Leo sisemi, na siku ya harusi msiniulize. Haya, mnataka tarehe gani?"